Mluzi Unaokwama

Shangazi Damari alisema kaka yake amempigia mluzi asubuhi ile, akitokea upande wa zizi, na wala hakuna ambaye angeshtuka kama huyo kaka mtu asingekuwa marehemu. Alilisema huku anapepeta mtama, kwa sauti ile ile ambayo mtu angetumia kusema kuku ametaga.

Nyemo, binti wa huyo marehemu, alikuwa ameketi kizingitini na bakuli lake la uji. Alicheka. Alikuwa na desturi ya kucheka kwanza na kufikiri baadaye, desturi iliyompatia marafiki wengi na viboko vya kutosha enzi za sekondari. Akamwambia shangazi kwamba mzee alipokuwa hai alikuwa mvivu hata kuitikia hodi, huo ujanja wa kuita watu kaupatia wapi.

"Cheka tu, mwanangu," shangazi alisema. "Mimi nilikuwa sisikii hata radi. Sasa nasikia mpaka wafu. Waliotupa hivi visikizi hawakutupunja."

Akajigusa nyuma ya sikio. Kisikizi chenyewe kilikuwa na ukubwa wa punje ya harage, kimebandikwa kwenye ngozi, kikiongea moja kwa moja na mfupa wa kichwa. Watu wa Mfuko wa Utulivu walikuja Chilole mvua zilipokatika, wakawagawia wazee wote wenye masikio mazito, bure, pamoja na soda. Shangazi alikuwa kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo ilipompitia, kabla Nyemo hajajua kusema. Alimlea mtoto yule kwa kumsoma midomo. Siku ya kwanza aliyoisikia sauti yake alilia mpaka khanga ikalowa, kisha akafuta macho na kusema alitegemea kitu kizuri zaidi.

Nyemo alimwuliza mluzi wenyewe ulikuwaje.

Shangazi aliweka ungo chini, akakunja midomo, akapiga. Mluzi ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, na mwishoni kabisa ukakwama kidogo, kama mtu aliyepaliwa na mate.

"Huko mwisho zamani alikuwa hakwami," alisema. "Labda huko aliko kuna baridi."

Nyemo aliliweka bakuli chini taratibu. Baba yake hakuwahi kukwama. Alichunga mbuzi maisha yake yote kwa mluzi ule, na haukukwama hata siku moja. Aliyeukwamisha ni Nyemo, na duniani hapa kulikuwa na sehemu moja tu ambapo mluzi ule ulikwama: ndani ya programu aliyoiandika yeye, kwa ajili ya mbuzi.

*

Mambo yalikuwa hivi. Viwanda vya chipu kubwa vilipofungwa, dunia ilibaki na mabilioni ya chipu ndogo za zamani, zile za kwenye pasi, mita za maji na vitasa vya milango, zilizokuwa na nafasi ndogo na akili ndogo zaidi. Wakati huo huo programu nzuri zote zilikuwa huria, mtu yeyote aweza kuzichukua, ila ziliandikwa kwa ajili ya mashine kubwa ambazo hazikuwepo tena. Ndipo ukaanzishwa Ubao wa Madau. Mwenye shida anabandika: nataka programu fulani iishi ndani ya chipu fulani, na dau langu ni hili. Wa kwanza kuiweka ikakaa na ikafanya kazi anaondoka na fedha. Programu yenyewe inabaki huria, na yeyote aweza kuichukua akaifanyia atakalo.

Nyemo na rafiki yake Lameki waliishi kwa madau hayo, ndani ya kontena kuukuu karibu na stesheni ya reli, paneli juu na joto ndani. Kuhamisha programu, Lameki alipenda kuwaambia wageni, ni kama kumhamisha tajiri kutoka jumba la ghorofa kwenda chumba cha kupanga. Unauza kabati. Unakata miguu ya kochi. Mwisho unamwambia mke wake alale ndani ya friji.

Dau la Mchungaji lilikuwa nono kuliko yote waliyowahi kuona. Mchungaji ilikuwa programu ya kuchunga mifugo bila uzio. Mnyama anavaa kifaa, na unachora mpaka kwenye ramani. Anayeukaribia mpaka anapigiwa sauti nzito, ya chini mno, ambayo sikio haliijui ila tumbo linaijua, nayo inaleta woga. Akigeuka, woga unakatika, na anapewa sauti tamu ya kumshukuru. Juu ya hayo, programu ilijua kusikiliza. Iliweza kuchuja upepo ikabakiza kikohozi cha mbuzi au hatua za fisi.

Ilitakiwa ihamie kwenye chipu ndogo kuliko zote. Nyemo alihangaika nayo mpaka akafanya ujanja ambao Lameki aliuita uchawi: sehemu ya kusikiliza na sehemu ya kutisha alizisokota zikawa kamba moja, zikitumia nafasi ile ile kwa zamu. Zikawa haziachani tena. Sauti tamu ya shukrani, iliyokuwa rekodi ndefu ya kengele, haikuingia kabisa. Akaitupa, na mahali pake akachora mluzi wa baba yake kwa tarakimu chache. Tarakimu ya mwisho ilikosa pa kukaa, ndiyo maana ukakwama. Mbuzi hawakulalamika. Waliusikia wakageuka na mikia inacheza, naye akachukua dau lake na kumnunulia shangazi bati la jikoni.

Jambo moja walilichekea. Masharti ya dau yalisema programu ifae kwa "kiumbe mwenye uzito wa kilo arobaini hadi tisini." Lameki alisema mbuzi wa kilo tisini huyo lazima anakula wali. Walicheka sana. Hakuna aliyeuliza.

*

Nyemo alimwuliza shangazi kaka yake humwita saa ngapi.

Shangazi alifikiri, akasema ni kila anapoghairi safari, kama asubuhi hii alipogeukia njiani. Mkutano wa kijiji uliopita, kwa mfano, alikuwa anakwenda kule shuleni, amefika kwenye josho, akakumbuka ameacha maharage jikoni. Akageuka, na hapo hapo akaitwa. Na mkutano wa kabla ya huo, vile vile, ila safari ile alikumbuka mlango.

"Na maharage yalikuwa yameungua?"

Shangazi alianza kujibu, akanyamaza. Hapakuwa na maharage. Wiki ile nyumba nzima walikula mlenda.

Nyemo akamwomba amsindikize mpaka shuleni, akamdanganya kwamba ana neno na mwalimu mkuu. Waliongozana. Shangazi alikuwa mchangamfu, akiwasalimu watu kwa Kigogo, mbukwenyi huku, mbukwenyi kule, akisimama kusikiliza mashine ya kusaga kana kwamba ni kwaya. Walipolikaribia josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa, hatua zake zikafupika. Mkono ukaenda tumboni. Jasho likamtoka juu ya mdomo, na jua lilikuwa bado changa.

"Nyemo," alisema, "nadhani sikulifunga zizi."

Walikuwa wamelifunga pamoja, na Nyemo ndiye aliyeingiza komeo. Alimtazama shangazi akigeuka. Hatua tatu, nne, kisha mabega yakashuka, na uso ukafunguka kwa tabasamu la mtoto aliyepewa kashata.

"Umemsikia?" shangazi akauliza. "Huyo. Ananiita."

Nyemo hakusikia kitu. Akamshika mkono, akamrudisha joshoni kwa kisingizio kingine. Jasho, tumbo, safari hii ilikuwa pasi iliyoachwa kwenye umeme, na nyumbani kwao hawakuwa na pasi. Akageuka. Tabasamu. Nyemo alikuwa ameanza kumrudisha mara ya tatu alipotambua anachokifanya: hivi ndivyo alivyowajaribu mbuzi. Aliuachia mkono wa shangazi kama mtu aliyeshika jungu la moto.

*

Lameki alisikiliza yote bila kufanya mzaha hata mmoja, na hilo lilimtisha Nyemo kuliko kitu kingine. Akafungua ramani ya Mchungaji, maana programu ilikuwa huria na mipaka yake kila mtu aliweza kuiona, ila ni nani huenda kuangalia mipaka ya mbuzi wa watu. Mpaka wa Chilole ulikuwepo. Ulizunguka uwanja wa shule kama mshipi, na uliwaka siku za mikutano tu, tangu asubuhi.

Leo alasiri ulikuwepo mkutano. Mbuga ya malisho ilikuwa inaombwa na Mfuko wa Utulivu iwe shamba la vioo vya jua. Kwa sheria ya ardhi ya kijiji, bila baraza la wazee kuketi na kuinua mikono, hakuna uamuzi. Na baraza likikosekana mara tatu, huhesabiwa limeridhia. Lilikuwa limekosekana mara mbili. Vijana waliwasema wazee wao kwamba wamehongwa soda. Wazee wenyewe walijisema kwamba wamezeeka, maana kila mmoja aliamini amesahau maharage peke yake.

Nyemo ndiye aliyekuwa mtunzaji wa tawi lile la programu, nakala ile iliyotiwa ndani ya visikizi. Alichokibadilisha yeye na kukitia dole gumba, visikizi vyote vingekivuta mara moja, kwa kuwa vilikunywa jua na habari kwa pamoja. Angeweza kukizima chote. Lakini kusikia na kutisha vilikuwa kamba moja, na aliyevisokota ni yeye. Akikata woga anakata na masikio. Wazee wote wangerudi kwenye kimya chao, leo hii, katikati ya maneno waliyokuwa wakiambiwa. Kuvitenganisha kungehitaji chipu kubwa zaidi, na chipu yenyewe ilikuwa imeshabandikwa kichwani mwa watu.

Aliandika onyo kwenye Ubao, kwa herufi kubwa. Jibu lilikuja kabla hajafuta jasho, lenye adabu kama barua ya harusi. Mfuko wa Utulivu ulimshukuru kwa kazi yake nzuri. Ulimkumbusha kwamba programu huria haichagui mtumiaji, maneno ambayo Nyemo mwenyewe aliyaandika kwenye fulana na kuyavaa. Na chini yake, dau jipya lilikuwa limebandikwa, mara mbili ya lile la kwanza: Mchungaji, chipu ndogo zaidi, kwa kiumbe mwenye uzito wa kilo kumi na mbili hadi thelathini na tano.

Ndani ya kontena kulikuwa na joto la kukaangia karanga, lakini Nyemo alihisi baridi mpaka kwenye meno.

"Hao ni watoto," Lameki alisema.

"Najua."

"Usipolichukua wewe litachukuliwa."

"Najua, Lameki."

Lameki aliusogeza ule mstari wa mpaka kwenye kioo kwa kidole, polepole, ili amwoneshe. Aliueleza mpango wake kama mtu anayeomba chumvi. Hakuna haja ya kuzima chochote. Mpaka ugeuzwe tu, uso kwa mgongo. Wazee waitwe ndani ya uwanja badala ya kufukuzwa. Akijaribu mtu kutoka kabla ya kuinua mkono, tumbo limrudishe. Watabaki na masikio yao na mbuga yao, na hakuna atakayejua. Lameki hakuwa mtu mbaya. Ng'ombe wa baba yake walikula kwenye mbuga ile, na ada yake ya shule ilitoka matumboni mwao.

"Tia dole tu," alisema.

Nyemo aliliweka dole gumba juu ya kioo, bila kugusa. Aliona jinsi itakavyokuwa rahisi. Aliona pia mkutano mwingine, na mwingine, na yeye akiwa ameketi kontenani anawaketisha na kuwainua watu kwa nia njema, mpaka siku ambayo nia itakuwa imebadilika na dole ni lile lile. Alilivuta dole, akalificha ndani ya ngumi.

*

Alimweleza shangazi yote, wakiwa wameketi jikoni chini ya lile bati. Hakuficha sehemu yake. Alipofika kwenye mluzi, ilibidi aanze upya.

Shangazi alikuwa anausikiliza moto, jinsi kuni zinavyopasuka. Kisha akauliza jambo ambalo Nyemo hakulitegemea: kwa hiyo siye yeye? Siye kaka yake anayemwita?

"Siye, shangazi. Ni mimi."

Hapo ndipo shangazi alipoinamisha kichwa. Alikaa hivyo kama mtu aliye msibani, na ulikuwa msiba kweli, maana kaka yake alikuwa amekufa mara ya pili. Alipoinuka, alisogeza mkono nyuma ya sikio.

"Sema kitu," alimwambia Nyemo. "Chochote. Niondoke nacho."

Nyemo, ambaye hakuwahi kukosa neno maishani, alipata dogo tu. Alisema anaomba radhi. Shangazi akaitikia kwa kichwa, akabandua kisikizi, akakifunga kwenye ncha ya khanga.

"Nilikuwa kiziwi," alisema, kwa sauti kubwa isiyojisikia. "Sikuwa mbuzi."

*

Wazee walikuwa wamesimama joshoni. Wamevaa vizuri, fimbo mkononi, na hakuna aliyevuka. Ng'ambo, kwenye uwanja wa shule, benchi lao lilikuwa tupu, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa anatazama saa huku wageni wawili wa Mfuko wakiwa wamekaa kivulini na chupa zao za maji.

Nyemo alipita kwa kila mmoja akimweleza. Mzee Ndahani, mkuu wa baraza, alimjibu kwamba tumbo lake analijua yeye, na kwamba amekumbuka ndama wake hajanywa maji. Mwingine alikumbuka dawa. Mwingine aliona aibu hata kusema alichokumbuka. Ni Bibi Yudita peke yake aliyemwelewa.

"Mjukuu wangu ameanza kunisomea vitabu," alisema. "Ukikizima, mimi nitakulaani. Bora nisikie nikiwa mbuzi wa watu."

Kisha naye akageuka nyumbani, jasho linamtiririka, na baada ya hatua chache akatabasamu.

Shangazi Damari aliwapita wote. Alivuka pale joshoni bila hata kupunguza mwendo, kama mtu anayevuka uwanja wake, kwa kuwa kwake yeye hapakuwa na kitu pale ila harufu ya dawa ya kupe. Aliingia uwanjani, akasimama mbele ya benchi, akawageukia wenzake. Aliwaona walivyosimama, kundi zima, wakichezesha miguu. Alikuwa binti wa wachungaji na dada wa mchungaji.

Akakunja midomo, akapiga mluzi wa kaka yake. Ulipanda, ukashuka, ukapanda, ukaisha vizuri, kama ulivyoisha enzi zote. Wazee waliinua vichwa. Mmoja alicheka, akasema Damari kawa kijana. Hakuna aliyeinua mguu.

Shangazi aliwatazama. Nyemo, aliyekuwa amefika ubavuni kwake, aliona uso wake ukibadilika, na akaelewa kabla midomo haijakunjwa tena. Alitaka kumshika mkono. Hakumshika.

Mluzi wa pili ulipanda, ukashuka, ukapanda, na mwishoni ukakwama.

Walikuja. Mzee Ndahani kwanza, kisha waliomfuata, kisha wote. Bibi Yudita, aliyekuwa ameshafika mbali, alipinduka njiani akarudi akikimbia, mtu ambaye magoti yake yalikuwa hayajakimbia tangu ujana. Sauti nzito ilikuwa bado inawatafuna matumbo, ilionekana, walitetemeka na kulowa jasho, mmoja alitapika bila kusimama. Na wote walikuwa wanatabasamu. Walivuka joshoni wakitabasamu, wakaja wakaketi kwenye benchi wakibanana, nyuso zimeelekea kwa Damari, wakisubiri kingine.

Mwenyekiti aliificha saa yake ndani ya mkono wa shati na kutangaza kwamba baraza limetimia. Watu wa Chilole walipiga makofi. Mmoja wa wale wageni wa Mfuko hakuonekana kukasirika hata kidogo. Alikuwa ameinua kifaa chake, anarekodi.

Shangazi Damari hakusikia makofi. Alikuwa bado amesimama, midomo imekauka, anaitazama ile safu ya nyuso zenye furaha. Akamgeukia Nyemo.

"Wamekuja wenyewe?" aliuliza.

Macho yake yalikuwa yameng'ang'ania kinywani mwa Nyemo, kama zamani, yakisubiri kusoma jibu. Nyemo akafunika midomo yake kwa kiganja.